Claude Bernard: Mtoto wa Mkulima Aliyeifumbua Siri ya Ini

Mtu akila daku lake karibu na alfajiri, akatoka kwenda kufanya kazi ya sulubu bandarini Kilindini, na Ramadhani yenyewe imeangukia kaskazi, kisha asitie kitu kinywani mpaka magharibi, je, mwili wake hula nini mchana kutwa? Kufikia adhuhuri tumbo limekwisha kuwa tupu. Hata hivyo ubongo wafanya kazi, moyo wapiga, mikono yainua magunia, na akipimwa sukari ya damu saa tisa, kama ni mtu mzima wa afya, itaonekana haikupishana sana na ile ya asubuhi. Yatoka wapi sukari hiyo?

Swali hili ni la kale. Lakini jawabu lake la yakini lilipatikana jijini Paris, baina ya mwaka wa 1848 na 1857, na aliyelipata ni Mfaransa aitwaye Claude Bernard, mtoto wa mkulima wa mizabibu, aliyetaka kuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza akashindwa. Mimi ni mtunga mashairi, na hilo la mwisho ndilo lililonivuta kumsoma. Nimeona nimweleze leo katika ukurasa huu, mazuri yake na yale yasiyopendeza, maana yote mawili yamo katika maisha yake, na si rahisi kuyatenga.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, karibu na mji wa Villefranche, kwenye vilima vya Beaujolais kaskazini ya Lyon. Riziki ya watu wa huko ni zabibu, na zabibu zao hukamuliwa mvinyo. Hilo ni lao, tuliache. Padri wa kijiji alimfundisha Kilatini, kama sisi tulivyoanza na alifu na bee mbele ya mwalimu wa chuo, kisha akapelekwa katika shule za makasisi, kwanza Villefranche na baadaye Thoissey. Hakung'ara. Alitoka bila ya cheti, na mnamo mwaka wa 1832 akatiwa kazini kwa mwuza dawa mmoja, Bwana Millet, katika kitongoji cha Vaise kando ya Lyon.

Kazi yake ilikuwa kuosha chupa na kupeleka dawa kwa wateja. Katika duka hilo ilikuwako dawa moja yenye sifa kubwa, ambayo hata vitabu vya tiba vya Waarabu huitaja sana kwa jina la tiryaki. Ni mchanganyiko wa vitu makumi kwa makumi, na watu waliiamini kwa karibu kila maradhi. Kijana Claude akagundua kwamba kila dawa iliyoharibika dukani, tajiri wake humwambia asiitupe, bali aitie katika mtungi wa tiryaki. Basi leo tiryaki ilikuwa hivi na kesho vile, na wateja hawakuacha kuisifu. Waliokunywa wakapona walishukuru tiryaki, na waliokufa hawakurudi dukani kulalamika. Naona hapo ndipo ilipoingia moyoni mwake ile tabia ya kutoamini dawa wala neno lolote la tiba mpaka alijaribu kwa mkono wake.

Wakati wa faragha alitunga mchezo mdogo wa kuchekesha, ukaoneshwa Lyon, na watu wakaupenda. Kwa kutiwa moyo na hayo akatunga mchezo mkubwa wa kihistoria, wa sehemu tano, juu ya mwana mfalme Arthur wa Bretagne, akautia mkobani na mwaka wa 1834 akaenda nao Paris, kutafuta hukumu ya mhakiki mkubwa wa siku hizo, Saint-Marc Girardin. Mhakiki yule akausoma, kisha akamshauri kwamba, kwa vile amekwisha kufanya kazi katika duka la dawa, ingekuwa heri asome uganga, na utunzi uwe wa saa za mapumziko. Wangapi kati yetu tumeambiwa maneno kama hayo tukanuna! Yeye hakununa. Alijiandikisha katika chuo cha tiba.

Huko nako hakuwa wa mbele. Mwaka wa 1839, katika mtihani wa kuwachagua madaktari wanagenzi wa hospitali za Paris, alikuwa wa 26 katika 29 waliofaulu. Lakini alipangiwa kufanya kazi chini ya François Magendie, mwalimu mkali wa Collège de France aliyekuwa akipasua wanyama wahai mbele ya wanafunzi ili kuona viungo vinavyofanya kazi, na Magendie akauona wepesi wa mikono ya kijana huyu. Mwaka wa 1841 akamfanya msaidizi wake. Mwaka wa 1843 Bernard alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa maji ya tumbo yayeyushayo chakula. Mwaka uliofuata akashindwa mtihani wa kuwa mwalimu wa chuo cha tiba, akawa karibu ya kukata tamaa na kurudi kijijini kutibu watu.

Kilichomwokoa ni ndoa. Mwaka wa 1845 alimwoa Fanny Martin, binti wa daktari wa Paris, na kwa ada za Wafaransa wa wakati ule mali hutoka upande wa mke, kinyume cha mahari yetu. Mke huyu alikuja na faranga 60,000. Kwa fedha hizo Bernard aliweza kukaa Paris na kuendelea na majaribio yake. Msomaji aliweke hili akilini, tutalirudia.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Mwaka wa 1846 aliletewa sungura kutoka sokoni, akawaweka juu ya meza, nao wakakojoa. Mtu mwingine angefuta meza. Bernard akatazama, akaona mkojo ule ni mwangavu, na alipoupima ulikuwa na ukali wa asidi. Akashangaa, kwa sababu wanyama walao majani mkojo wao huwa wa ukungu na hauna asidi, na ule mwangavu wenye asidi ni wa wanyama walao nyama. Vipi sungura akojoe kama simba? Akawaza kwamba pengine sungura hawa hawakulishwa kwa muda mrefu, na mnyama mwenye njaa hujila nyama yake mwenyewe. Akawapa majani, na mkojo ukawa wa ukungu. Akawanyima chakula siku moja na nusu, ukawa mwangavu tena. Akarudia na kurudia. Mwishowe akawalisha sungura nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, na mkojo ukabaki mwangavu muda wote walipokula nyama. Alipowapasua sungura wale akakuta jambo jingine, kwamba mafuta ya chakula huanza kuonekana katika vijishipa vya utumbo baada ya pale mrija wa kongosho uingiapo, na kwa njia hiyo akathibitisha kazi ya kongosho katika kuyeyusha mafuta. Yote hayo yalianza na mkojo juu ya meza.

Lakini lililomtukuza ni ini. Wanachuoni wa wakati ule waliamini kwamba mimea peke yake ndiyo iwezayo kutengeneza sukari, na kwamba mnyama kazi yake ni kuila na kuiteketeza tu. Mwaka wa 1848 Bernard aliwalisha mbwa nyama tupu, isiyo na chembe ya sukari, akapima damu iingiayo katika ini na damu itokayo. Iliyotoka ilikuwa na sukari. Basi ini lenyewe laitengeneza! Wakubwa wa elimu wakabisha. Mwaka wa 1855 akachukua ini la mnyama aliyekufa punde, akapitisha maji katika mishipa yake mpaka yakatoka hayana sukari kabisa, akaliacha mezani mpaka kesho yake. Kurudi, akalipima tena, na sukari imejaa. Ini limekwisha kufa, damu haimo, chakula hakuna, nalo lingali latoa sukari kutoka ghala yake ya ndani. Mwaka wa 1857 akakitoa kitu kile kilichohifadhiwa katika ghala, unga mweupe wa namna ya wanga, ambao wataalamu huuita glaikojeni.

Hapo turudi kwa mchukuzi wetu wa Kilindini. Katika damu yote ya mtu mzima sukari yake haizidi gramu 4 au 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Akila futari ya tende na vibibi sukari nyingi humiminika, na ini huinyakua na kuiweka. Akifunga, ini huitoa kidogo kidogo. Ini la mtu aliyekula vizuri laweza kuhifadhi gramu 100 hivi, na saumu ya pwani yetu, kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, ni saa 13 na ushei mwaka mzima. Ghala yatosha, na inapoelekea kupungua mwili huanza kuyachoma mafuta yake, na ini hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine. Hakuna anayetoa amri. Mfungaji amekaa barazani akingoja adhana, na ini lake li kazini.

Kwa mwenye kisukari mizani hii imeharibika, na anayetumia sindano za insulini au baadhi ya vidonge aweza kuanguka mchana kwa kupungukiwa na sukari. Rika langu sisi wa miaka ya hamsini hatuna nyumba isiyo na mgonjwa wa namna hii. Wako wanaofunga kwa siri kwa kuona haya mbele ya wajukuu, ilhali sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Naonelea mtu amwone daktari wake Shaabani, asingoje Ramadhani iingie. Bernard mwenyewe hakuijua insulini. Aliufunga mrija wa kongosho la mbwa asione kisukari, akageukia ini na ubongo. Mwaka wa 1849 alionesha kwamba kuchoma kwa sindano mahali fulani chini ya ubongo hutia sukari katika mkojo. Siri ya kongosho ilionekana mwaka wa 1889, huko Ujerumani, na insulini yenyewe ikapatikana Toronto mwaka wa 1921. Yeye alikwisha kufa zamani.

Jambo jingine alilolipeleleza ni joto. Katika miaka ya 1851 na 1852 aliukata mshipa wa fahamu katika shingo ya sungura, akitazamia kwamba sikio la upande ule litapoa. Likawa la moto, na mishipa yake ya damu ikavimba. Alikuwa amezigusa hatamu zinazobana na kufungua mishipa midogo ya damu. Siku ya jua kali hapa Mombasa ngozi zetu hufanya hivyo hivyo, mishipa ikafunguka, damu ikaja juu ya ngozi, jasho likatoka, na joto la ndani likabaki kwenye 37. Mjusi wa ukutani hawezi hayo, ndiyo maana asubuhi humwona ameota jua kwanza kabla ya kuanza kukimbia.

Kutokana na mambo haya yote, tangu miaka ya 1850, Bernard alianza kusema juu ya kitu alichokiita mazingira ya ndani. Wazo lake, kwa maneno yangu mimi mtu wa pwani, ni kama ifuatavyo. Sisi twajiona twaishi hewani, penye joto na baridi, shibe na njaa. Lakini zile chembe hai ambazo mwili umejengwa kwazo haziishi hewani. Zaishi ndani ya maji, maji ya damu na yale yanayozizunguka, kama samaki ndani ya bahari. Mnyama wa daraja ya juu huchukua bahari yake mwenyewe popote aendapo, na mwili hufanya kazi usiku na mchana ili bahari hiyo isibadilike: maji yake, hewa yake, joto lake, na akiba ya chakula chake. Mjusi ni mtumwa wa hali ya nje, na mbegu iliyokauka hungoja mvua hata miaka. Binadamu aweza kutoka Lamu akaenda nchi ya theluji na chembe zake zisijue kwamba zimesafiri. Kwa Bernard uthabiti huo wa ndani ndio sharti la kuishi kwa uhuru.

Msomaji aliyesoma atasema kwamba hilo Ibn Sina alikwisha kulisema, na wazee wetu waliosema tende ni moto na dafu ni baridi walilijua. Kwa kiasi fulani ni kweli. Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka wa 1037, aliieleza afya kuwa ni ulinganifu wa mizaji katika kitabu chake cha Qanun, na kitabu hicho kilisomeshwa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini sipendi tabia ya baadhi yetu ya kudai kila kitu kilikuwa chetu. Mizaji ya wahenga ilikuwa ni hali ya mtu kuzaliwa nayo, na mganga huirekebisha kwa chakula na dawa. Bernard alionesha mwili wenyewe ukijirekebisha, akataja kiungo gani chafanya hivyo, kwa kitu gani, na kiasi gani. Mmoja alifikiri vizuri sana kwa vyombo vya zama zake, mwingine alipima.

Na kupima huko kulikuwa na gharama, na waliolipa ni wanyama. Mbwa, paka, sungura na vyura wasio na idadi walifungwa juu ya meza yake. Dawa ya kulaza ilipatikana tangu mwaka wa 1846, naye aliitumia katika baadhi ya majaribio, lakini mengi aliyafanya mnyama akiwa macho. Pengine alitumia kurare, sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika ya Kusini, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza kwamba hunyamazisha viungo na haiondoi kuhisi. Yaani alijua. Mwaka wa 1875 daktari mmoja wa Uingereza, George Hoggan, aliyefanya kazi miezi minne katika maabara yake, aliandika katika gazeti la London kuyashutumu aliyoyaona huko, na mwaka wa 1876 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia ukatili huo.

Kiko kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe. Mbwa wake mmoja, aliyetiwa mrija wa fedha tumboni, alitoroka. Baada ya siku chache Bernard akaitwa kwa mkuu wa polisi wa mtaa. Kumbe mbwa yule alikuwa wa mkuu huyo, amerudi nyumbani na mrija wake. Bernard akakiri, akaomba radhi, akautoa mrija, na mbwa akapona. Mkuu wa polisi akawa rafiki yake na kumlinda na majirani waliolalamika. Watu hucheka kisa hiki. Mimi nimekumbuka kwamba mbwa wengine hawakuwa na bwana mwenye cheo.

Mkewe hakucheka. Bi Fanny aliyachukia majaribio yale, akawa upande wa waliopigania wanyama, na mabinti wao wawili wakawa naye; watoto wa kiume walikufa wachanga. Fedha zilizonunua wale mbwa zilikuwa ni zake, na sidhani yuko mwanamke ambaye jambo kama hilo lingempa usingizi. Mume na mke walitengana kirasmi Bernard akiwa amekwisha kupita miaka hamsini. Wanaomwandika wengi humlaumu mke kwa kutoijua thamani ya mumewe. Sikubaliani nao. Sisi tuliofundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, hatuwezi kumwona Bi Fanny kuwa mjinga. Wala siwezi kusema sindano ya insulini imwagwe kwa sababu elimu yake ilipitia juu ya meza ile. Nayaacha mawili hayo kama yalivyo.

Sifa zilimjia. Mwaka wa 1854 alipewa kiti cha fiziolojia katika chuo cha Sorbonne, na alipokufa Magendie mwaka wa 1855 alikirithi kiti chake. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha chini, chenye unyevu na giza, na afya yake ikaharibika. Katika miaka ya 1860 ilimbidi arudi Saint-Julien kupumzika, na hapo, mbali na meza na visu, ndipo alipoandika kitabu chake mashuhuri juu ya tiba ya majaribio, kilichotoka mwaka wa 1865. Yule kijana aliyeshindwa utunzi akaingizwa mwaka wa 1868 katika baraza la waandishi bora wa Ufaransa, na mwaka wa 1869 Kaizari Napoleon wa Tatu akamfanya mjumbe wa baraza la seneti.

Alifariki Paris tarehe 10 Februari 1878, kwa maradhi ambayo yaonekana yalikuwa ya figo, viungo vile vile vinavyochuja ile bahari ya ndani. Wanafunzi wake ndio waliomwuguza. Serikali ilimzika kwa heshima ya taifa, na kabla yake hakuna mwanasayansi wa Ufaransa aliyepewa heshima hiyo. Mwaka huo huo zikachapishwa darasa zake za mwisho, zenye maelezo kamili ya mazingira ya ndani. Wazo hilo lilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa sana, mpaka Mmarekani Walter Cannon alipolipa jina mwaka wa 1926, homeostasisi, na sasa mwanafunzi wa sekondari hulikuta katika kitabu cha bayolojia.

Mwaka wa 1889 mchoraji Léon Lhermitte alimchora akiwa kazini, amevaa aproni nyeupe, wanafunzi wamemzunguka na makoti yao meusi. Juu ya meza yuko sungura.